Namba Nyekundu za Musonoi

Siku ya kuniaga, mkurugenzi wa taasisi yetu alisoma hotuba ndefu kuhusu mama mmoja mwenye hekima, mpole, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Nilisikiliza mpaka mwisho kwa hamu ya kumjua huyo mama. Kumbe ni mimi. Wakanipa saa ya ukutani, zawadi inayomfaa sana mtu asiye na mahali pa kuchelewa tena, na ninyi vijana wa idara mkaniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Haya, naandika. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka: za vyeo zinaumiza kichwa, za mishahara hazijazi hata mstari.

Mimi ni mwanasosholojia. Miaka yangu yote ya kazi nimeimalizia hapa Kolwezi nikichunguza kile ambacho wafadhili wanakiita ujumuishaji wa kijamii, yaani nani yumo na nani ameachwa nje: nje ya kazi, nje ya shule, nje ya mikutano ambayo mambo yake yanaamuliwa. Ni somo zuri. Walioachwa nje hawaishi, kwa hiyo mtafiti hakosi la kufanya.

Siku yangu ya kwanza kwenda kuhoji watu ilikuwa Mutoshi. Nilivaa viatu vipya, ujinga wa kwanza, nikabeba barua ya kazi yenye mihuri mingi hata maneno yenyewe hayasomeki. Nilikuwa na Tata Kapend, mzee aliyenifundisha kazi hii. Tukamkuta mama mmoja ameinama kwenye maji anaosha mawe ya shaba. Nikamsalimu na kumpa barua. Aliishika kwa vidole viwili kwa sababu ya tope, akaitazama upande huu na upande ule, akanirudishia.

"Iyi karatasi ni muzuri," alisema. "Sasa we', ulilia nani apa?"

Nikadhani mama wa watu ana matatizo. Tata Kapend ndiye aliyenifafanulia, baada ya kumaliza kucheka. Mama alikuwa anauliza ni kilio gani nimewahi kukaa pale. Mnajua jinsi ilivyo kwetu: mtu akifa, watu wanakwenda kukaa kwa wafiwa, akina mama kwenye mikeka, wanaume kuzunguka moto, huyu ameleta makala, yaani mkaa, yule unga. Na miji yetu hii imejaa watu waliotoka mbali. Wapo vijana waliokuja juzi kutoka kila pembe ya Kongo kuchimba kobalti. Tupo sisi ambao babu zetu waliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, mpaka leo tunaitwa wageni na watu walioshuka kwenye basi mwaka jana. Huwezi kumuuliza mtu ardhi ya mababu zake. Unamuuliza amelia nani.

"Kwanza ukale," Tata Kapend aliniambia tukirudi. "Kisha njo uulize."

Yaani ukae kwanza na watu, ndipo uulize. Hiyo ndiyo mbinu yote aliyonifundisha. Baadaye nimesoma vitabu vinene kuhusu uhalali wa mtafiti, vina sura nyingi na michoro yenye mishale, na sijakuta ndani yake kitu alichokisahau yule mzee. Kwa hiyo andikeni hili, kwa kuwa mnapenda kuandika: kifaa cha kwanza cha kazi ni kitenge cha pili ndani ya mkoba, cha kujifunga unapokuta kilio. Cha pili ni penseli, maana kalamu za wino za semina zinakufa na vumbi. Jile, vile vizibao vyenye mistari ya kung'aa, waachieni wapima ardhi. Nitawaeleza sababu sasa hivi.

Tata Kapend alipumzika, nami nikalia kilio chake siku zote, na baada yake ukaja wakati wa taaluma mchanganyiko. Mfadhili aliandika kwamba utafiti wa somo moja umepitwa na wakati. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kuwa mjinga peke yake. Ilibidi tuwe wajinga pamoja, kwa ratiba, na kwa chai ya saa nne.

Tulikuwa wanne. Kasongo alikuwa mtakwimu, mtu wa mashati meupe. Vumbi la Kolwezi linaingia hata ndani ya yai lililochemshwa, lakini shati la Kasongo halikuguswa. Alitembea katikati ya barabara, mbali na kuta, wala sikuwahi kumwona akiegemea kitu. Ilunga alikuwa mwanajiolojia, mtu wa buti, aliyetoka kupima mabaki ya mchanga wa mgodi huko Kingamyambo na ambaye alimwangalia kila binadamu kana kwamba anakadiria ana asilimia ngapi za shaba. Maître Odette alikuwa mwanasheria, mwenye sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti. Wa nne ni mimi, yule mpole wa hotuba.

Kazi ya kwanza ilikuwa kukubaliana nani ahesabiwe kuwa amejumuishwa. Tulifungiwa hotelini, kwenye meza ya mviringo iliyokuwa ya mraba. Kwa Maître Odette, aliyejumuishwa ni mwenye karatasi. Kwa Ilunga, ni yule asiyekunywa maji yanayotoka upande wa mashimo. Kwa Kasongo, ni yeyote aliye karibu na wastani, na hao wengine watuvumilie. Mimi nikasema aliyejumuishwa ni yule ambaye akifiwa leo, watu watajaa kwake. Ilunga akauliza kwa adabu kama maiti naye atajaza dodoso. Fasili yangu ikaandikwa ya mwisho, kwa penseli, tukaenda kula.

Uwanja wetu mkubwa ulikuwa Musonoi, cité, yaani mtaa wa makazi, iliyobanana na mashimo ya mgodi, ambako nyumba zinatikisika wanapolipua mwamba na watu wanaendelea na mazungumzo kama kawaida. Pale nilikuwa nikijulikana. Nilikuwa nimekaa vilio vingi, kimojawapo cha mume wa Mama Ngalula, mchimbaji aliyekufa kwa homa. Mama Ngalula alikuwa mpangaji katika nyumba ya vyumba viwili. Asubuhi alikaanga mikate na kuiuza pale mlangoni, mchana aliosha mawe, na watoto wake walisoma shule ya jirani. Nyumba ilikuwa ya Tata Kazadi, ambaye aliishi mjini na alionekana Musonoi mwisho wa mwezi tu, kama mshahara. Maiti ya mume wa Ngalula ililazwa mbele ya nyumba ile, chini ya dirisha, na mimi nilikaa kwenye mkeka hapohapo.

Sasa Kasongo alichagua nyumba za kuhojiwa kwa bahati nasibu, kama sayansi inavyotaka. Lakini hakuwaamini wahojaji. Alijua watakwenda kwenye nyumba zenye kivuli na mbwa wapole. Akataka kila nyumba iliyochaguliwa iwe na alama. Chaki inafutwa na mvua. Ilunga akasema hakuna shida, anayo rangi iliyobaki kwenye kazi yake ya porini, ya kuwekea alama mahali pa kutoboa. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye ofisi ya meya nikitafuta muhuri mwingine wa barua. Wenzangu wakavaa jile zao za kung'aa, wakapita mtaani, wakaandika namba kubwa kwenye kuta. Namba nyekundu, kila moja ndani ya duara.

Wewe uliyezaliwa Kolwezi hapo umeshashika kichwa. Wengine niwaeleze. Hapa kwetu, namba nyekundu ukutani ina maana moja tu: mgodi unakuja. Nyumba itabomolewa, mwenyewe atalipwa, watu watahamishwa. Ndivyo inavyoanza kila mara, watu wenye jile na kopo la rangi. Mtoto wa chekechea wa Musonoi anajua hilo. Kasongo alikuwa anaishi katikati ya mji, penye kuta zisizohitajika na mtu. Ilunga alikuwa amezoea kupaka miti na mawe, vitu ambavyo havidai fidia.

Nilipofika, mtaa ulikuwa kama sikukuu. Wenye nyumba ambao wapangaji walidhani wamekufa walikuwa wanashuka kwenye pikipiki na funguo mkononi. Matofali yalikuwa yanashushwa, maana fidia inahesabiwa kwa vyumba, na vyumba vikaanza kuota nyuma ya nyumba bila msingi wala aibu. Waliokosa namba wakaja kwangu wamekasirika.

"Mama Chantal, nyumba yangu iko na kosa gani?" mzee mmoja aliniuliza, machozi yakimlenga. "Ya jirani banaandika, ya mi banapita. Juu ya nini banatuacha?"

Hapo ndipo tulipofika, ndugu zangu. Utafiti wa walioachwa nje, na tulikuwa tumefaulu kuacha nje nusu ya mtaa kwa kopo moja la rangi. Wajanja hawakungoja majibu. Walitafuta rangi yao wenyewe, wakajiandikia. Kasongo aliporudi kukagua alikuta namba ambazo hakuzipa mtu, nyingine zikijirudia. Nadhani ni mara ya kwanza sampuli kuzaa.

Ningeendelea kucheka mpaka leo kama Mama Ngalula asingekuja ofisini. Alikuja na unga wa mikate bado mikononi. Hakukaa.

"Tata Kazadi anakuya jana," alisema. "Anasema nitoke. Anataka akale mwenyewe mu nyumba, batu ba kulipa bamukute ndani. Anasema siku ya Yenga, kisha misa, akute nyumba iko wazi."

Yenga ni Jumapili. Nikamwambia hakuna watu wa kulipa, ni namba zetu tu, za kuuliza maswali.

"Mi najua ni yenu. Mi nilibaona." Akanitazama moja kwa moja. "Mama Chantal, ulikala na mi ku kilio ya bwana yangu. Ulilala chini na mi. Leo njo munaniletea rangi?"

Sijawahi kupata swali gumu kama lile katika mtihani wowote.

Tukaitisha kikao cha dharura cha taaluma mchanganyiko. Maître Odette akasema kisheria Mama Ngalula hayupo, kwa sababu hana mkataba wa maandishi. Ilunga akasema rangi ile imethibitishwa kuvumilia jua na mvua, akasema kwa fahari kidogo. Kasongo akasema tukimsaidia mhojiwa mmoja tunaharibu sampuli, na kwamba mtafiti ni shahidi, si jirani. Mimi nilikasirika, nikagonga meza, halafu kwa hasira yote hiyo nikapendekeza tuitishe kundi la majadiliano. Mtu akisomea kitu, basi.

Tukaitisha mkutano wa hadhara. Maître Odette akasimama juu ya kiti na sauti yake yote. "Hakuna nyumba itakayobomolewa! Hakuna mtu atakayelipwa!" Kisha mzee mmoja akatikisa kichwa taratibu na kusema, "Njo vile na bale bengine balianzaka kusema." Mtaa mzima ukaitikia: hata watu wa mgodi walianza kwa kukana. Ikathibitishwa. Jioni hiyo matofali yalipanda bei.

Kesho yake Ilunga akaenda na dawa ya kuondolea rangi, akaanza kusugua nyumba ya kwanza. Hakumaliza hata namba moja. Wakamzunguka, wakamnyang'anya chupa. "Unatutosha mu liste! Nani anakulipa utukate?" Kwao alikuwa anawatoa kwenye orodha ya fidia. Buti zikamsaidia kukimbia. Kwa hiyo tulikuwa tumekwama: kuweka namba ni kosa, kukana ni kuthibitisha, kufuta ni wizi. Na Jumapili ilikuwa inakuja.

Jumamosi asubuhi Kasongo aliingia ofisini, akamwambia Ilunga, "Nipe kopo." Njiani tukiwa kwenye gari ndipo aliponiambia, huku akitazama nje, kwamba jana yake alipita peke yake kwa Mama Ngalula. Alitaka tu kuhakiki kama namba yake ni halali au ya kughushi. Alimkuta amefunga vitu vyote, masufuria, magodoro, yote yamefungwa kamba. Kilibaki kiti kimoja.

"Alinipa mi nikalie," Kasongo alisema. "Kiti ya mwisho. Akanipa na mukate. Hata hakunitukana, Mama Chantal."

Tulipofika Musonoi alikunja mikono ya shati na kuanza na nyumba isiyo na namba. Akaandika. Akaenda ya pili, ya tatu, mtaa mzima, bila kuruka hata kibanda. Nilitaka kumzuia, maana wanawake walianza kushika vichwa. Sasa wote tunahamishwa! Yeye hakugeuka. Alipomaliza nyumba akaandika namba kwenye choo. Akaandika kwenye ukuta wa kanisa, mchungaji akiwa mlangoni na mdomo wazi. Akaandika kwenye banda la kuku, kwenye kibanda cha kuuzia vocha, kwenye mti, kwenye mlango wa gari la Ilunga, ambaye alitoa sauti ndogo ya maumivu.

Mama mmoja akauliza kwa sauti, "Na choo pia banahamisha?" Mwingine akamjibu, "Banabomoa kanisa, banajengea kuku villa." Hapo kicheko cha kwanza kikatoka. Jamaa mmoja akaleta mbuzi wake akiomba apewe namba naye. Akapewa, pembeni ya tumbo.

Kisha Kasongo akampa Ilunga brashi, akamgeuzia mgongo. "Andika."

"Shati yako, Kasongo."

"Andika, nasema!"

Ilunga akaandika namba nyekundu mgongoni kwake, kubwa, ndani ya duara, kwenye shati lile jeupe ambalo halikuwahi kugusa ukuta. Kasongo akasimama katikati ya watu akazunguka polepole ili kila mtu aone. "Na mi banakuya kunihamisha," alisema. "Muningojee tu, tutaenda pamoja na mbuzi." Musonoi ikacheka mpaka watu wakakaa chini. Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, na sioni haya kuandika hivyo. Tangazo la Maître Odette halikuua uvumi, dawa ya Ilunga haikuua, lakini hakuna uvumi unaoweza kuendelea kuishi baada ya namba kuwekwa kwenye choo.

Tata Kazadi alikuwa amefika Jumamosi hiyohiyo, siku moja kabla, ili asichelewe, na godoro lake lilikuwa bado juu ya pikipiki. Wakamgeukia. "Tata Kazadi, we' na choo, nani bataanza kulipa?" Akasema yeye alikuja tu kuangalia mabati kama yanavuja. Akayaangalia kwa muda wa heshima, akapanda pikipiki, akaondoka na godoro lake. Mama Ngalula alikuwa ameanza kufungua kamba za masufuria kabla pikipiki haijafika kona.

Sayansi haikucheka. Profesa aliyeongoza mradi kutoka ng'ambo alituandikia kwamba sampuli ya Musonoi imechafuliwa na haifai. Alikuwa sahihi kabisa, na Kasongo ndiye aliyemwandikia kukubali, kwa sentensi mbili safi. Mahojiano yote ya Musonoi yakatupwa. Ripoti ikatoka na maeneo mengine, ina jalada zuri, na kwa miaka iliyofuata Kasongo hakualikwa kwenye mradi wowote wa huyo profesa. Shati hakulitupa. Alilivaa siku za Jumamosi, na alipofiwa na mama yake, akina mama wa Musonoi walishuka na makala na unga, wakajaza ua wake, naye hakuwahi kuwahesabu.

Mtanisamehe ikiwa mlitarajia mashauri. Mkitaka mbinu, zimo kwenye ripoti, sura ya pili, hakuna hata tone la rangi ndani yake.

Tulikuwa tumewaahidi wahojiwa kwamba kila mmoja ataona matokeo, na Mama Ngalula hakusahau. Nikampelekea nakala. Alikuwa mlangoni, anakaanga, namba yetu bado iko ukutani nyuma yake, imepauka kidogo. Akafuta mikono, akaifungua ripoti kwa heshima.

"Niko ku ukurasa gani?"

Nikamweleza kwamba hayumo. Kwamba utafiti ulikuwa juu ya watu walioachwa nje, na yeye ameachwa nje.

Akageuza mikate kwenye mafuta, mmoja baada ya mwingine.

"Na mu nyumba? Niko?"

"Uko, mama."

"Basi," alisema, akanyoosha mkono. "Leta iyo kitabu, nifungie batu mikate."

Nikampa.